Gharama za wakili baada ya uamuzi wa mzozo wa ujenzi: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wako wakandarasi hapa Malindi wanaoamini kwamba mtu akishinda mbele ya mwamuzi aliyetajwa katika mkataba, mwenye mradi atamlipa deni pamoja na kila shilingi aliyompa wakili. Dhana hiyo humuumiza mkandarasi mdogo kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa huchanganya gharama za aina mbili.

Za kwanza ni gharama za kuupata uamuzi wenyewe, na hizo kwa kawaida kila upande hubeba zake, isipokuwa mkataba uwe umeeleza vingine. Hata Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1996 inataka mwamuzi wa mzozo wa ujenzi aamue ndani ya siku 28, mshindi hapati ada ya wakili wa hatua hiyo kwa sababu tu ameshinda. Za pili ni gharama za kwenda mahakamani baada ya aliyeshindwa kukataa kulipa. Hizi ndizo zinazodaiwa, kwani kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya Kenya huzielekeza kwa aliyeshinda, ila jaji akiona sababu nzuri ya kuamuru vinginevyo.

Wengine hudhani kwamba uamuzi huo ni hukumu, na kwamba dalali wa mahakama aweza kutumwa kesho yake. Sivyo. Nguvu ya uamuzi huo hutoka katika mkataba, hivyo mkandarasi hufungua kesi kudai kilichoahidiwa. Tuzo ya msuluhishi, yaani uamuzi wa mtu ambaye pande zimekubaliana aumalize mzozo badala ya mahakama, ni jambo jingine: chini ya kifungu cha 36 cha Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995, mshindi huiomba Mahakama Kuu, ambayo ina kituo hapa Malindi, iitambue na kuitekeleza. Lakini msuluhishi asipozigusa gharama katika tuzo yake, kila upande hubaki na zake na kugawana sawa ada za msuluhishi. Kwa hiyo ombi la gharama litolewe mapema, kabla tuzo haijaandikwa.

Tena, amri ya kulipwa "pamoja na gharama" haitaji kiasi. Pande zisipokubaliana, wakili huwasilisha orodha ya gharama kwa msajili, naye huzikadiria kwa viwango vya Amri ya Malipo ya Mawakili, wala si kwa mapatano ya wakili na mteja wake, na mara nyingi tofauti hulipwa na mshindi mwenyewe. Ndiyo maana stakabadhi za ada za mahakama, za kupeleka hati na za nauli ya shahidi aliyetoka Lamu zafaa kuwekwa mbali na zile za hatua ya mwamuzi, tangu siku kesi inapofunguliwa.