"Nikimpiga akaangukia nje, nimburute ndani?"

Aliyeniuliza hivyo mara ya mwisho ni mama wa miaka 71, mpangaji anayeishi peke yake, wiki mbili baada ya kuvunjiwa mlango usiku. "Mwanangu wakili, nikimpiga mwizi risasi akaangukia nje, si nimburute ndani?" Nikamjibu: hapana, mama, usimguse kabisa. Swali hilohilo nimeulizwa na vijana, na wafanyabiashara, hata na askari mstaafu. Nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja.

Nyuma ya swali hili kuna imani kwamba kizingiti cha mlango ndicho mpaka wa sheria: ndani ya nyumba unaua kwa halali, nje unaua kwa kosa. Si kweli. Mahakama haipimi hatua kutoka mlangoni. Inauliza mambo mawili: ulipofyatua risasi ile, je, uliamini kwa dhati kwamba wewe au mwenzako yuko hatarini? Na je, nguvu uliyotumia ililingana na hatari hiyo kama ulivyoiona? Mtu aliyekujia na panga uani unaweza kujihami dhidi yake hukohuko uani. Na mtu aliyemo sebuleni kwako lakini ameshatupa alichoiba na anakimbilia dirisha hakupi haki ya kumpiga mgongoni.

Hapa ndipo wateja wangu hunikatiza: "Lakini nyumba ya mtu ni ngome yake!" Maneno hayo yana asili yake katika kesi ya Semayne, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1604, na hayakuwahi kuwa kibali cha kuua kila aingiaye. Hata majimbo ya Marekani yenye sheria kali za kumlinda mwenye makazi, kama Colorado tangu 1985, hayakuhalalisha kummaliza mtu aliyekwisha kushindwa. Tanzania, kifungu cha 18B cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu nguvu ya kiasi tu, na anayeua kwa kuzidisha nguvu ana kosa la kuua bila kukusudia. Kenya, kifungu cha 17 kinawarudisha mahakimu kwenye misingi ya sheria ya Kiingereza.

Tony Martin, mkulima wa Norfolk, Uingereza, alikuwa nyumbani kwake Agosti 1999 wezi wawili walipoingia usiku. Alifyatua bunduki, na kijana wa miaka 16 akafa kwa risasi ya mgongoni. Baraza la mahakama lilimkuta na hatia ya mauaji. Rufaa ya 2001 ilishusha kosa kuwa kuua bila kukusudia, lakini kwa sababu ya hali ya akili yake. Hoja ya kujihami haikumwokoa. Mwingine ni Byron Smith wa Minnesota, Marekani, mstaafu aliyeishi peke yake na aliyekuwa ameibiwa kabla. Mwaka 2012 aliwapiga vijana wawili walioingia nyumbani kwake, akaendelea kuwafyatulia baada ya kuanguka, na hakuita polisi hadi siku iliyofuata. Yote yalitokea ndani ya nyumba yake. Alifungwa maisha.

Sasa rudi kwenye kuburuta. Damu huacha njia. Maganda ya risasi hubaki yalipodondokea. Daktari anayechunguza maiti huona jeraha lilikoingilia, na nguo za marehemu huonyesha alivyokokotwa. Mzee ambaye pengine angeachiwa, kwa sababu kweli alitishwa na panga pale mlangoni, anakuwa mtu aliyechezea ushahidi. Akishadanganya kuhusu mwili ulipoangukia, nani atamwamini kuhusu panga? Niko radhi kumtetea aliyepiga nje ya mlango akasema kweli. Aliyeburuta maiti ananifunga mikono.

Imani nyingine potofu nitazipitia haraka.

"Mimi mpangaji tu, haki ni ya mwenye nyumba." Haki ya kujihami inaufuata mwili wako, si hati ya kiwanja. Mkataba wa pango unaweza kukukataza kuweka silaha, na ukiuvunja unaweza kuhamishwa, lakini hilo ni jambo la mkataba.

"Mzee hafungwi." Hufungwa. Ila umri una uzito wake: bibi mwenye magoti mabovu hawezi kukimbia wala kupigana na kijana mwenye nguvu, na mahakama inapaswa kuutazama udhaifu huo inapopima kama nguvu aliyotumia ilikuwa ya kiasi. Mwambie wakili wako kila ugonjwa ulio nao.

"Nitampiga mguuni tu." Pajani hupita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Risasi ya onyo nayo ni risasi: itatua mahali, na ukuta mwembamba wa jirani hauizuii.

"Bastola ya marehemu mume wangu ni yangu sasa." Penye utaratibu wa vibali, kibali ni cha mtu, hakirithiwi na mjane pamoja na vyombo vya nyumbani. Mama yule alikuwa nayo kabatini, chini ya khanga. Tuliipeleka polisi siku ileile, na sikumpa nafasi ya kubisha.

Kisha kuna imani kwamba silaha chini ya mto inatosha. Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, Marekani, aliandika mwaka 1983 kwamba mtu wa kawaida hukimbia futi 21, yaani mita 6.4 hivi, kwa sekunde moja na nusu. Kijana aliyefunzwa hutatizika kuchomoa bastola kwa muda huo, sembuse mtu wa miaka 71 aliyeshtuliwa usingizini bila miwani? Tena gizani humjui aliyeingia: anaweza kuwa mjukuu aliyechelewa kurudi, au jirani mlevi aliyekosea mlango.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wazee ni uleule kila mara, na najua wengine wanauona wa kinyonge. Weka mlango imara wa chumba cha kulala na komeo linalofungwa kwa ndani, tochi kitandani, na simu yenye chaji yenye namba ya polisi na ya jirani wa karibu. Ukisikia kishindo usitoke kwenda kutazama. Funga, piga simu, kisha paza sauti: "Nimeshawaita polisi!" Jirani akiisikia, umepata shahidi. Na mtu akivunja mlango wa pili baada ya kusikia maneno hayo, hakuna mwendesha mashtaka atakayesema kwa urahisi kwamba alifuata televisheni tu.