Je, wajua kwa nini mipangilio ya seva huandikwa na kutunzwa kama msimbo wa programu?

Mwanachama wa Sacco mjini Kakamega analipa mkopo kwa simu saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai. Seva moja inaandika malipo hayo kuwa ya Julai. Seva ya pili, yenye programu ile ile na toleo lile lile, inaandika tarehe 30 Juni, saa tano usiku. Taarifa za mwezi hazilingani, na mwanachama anaonekana amelipa mara mbili Juni na hajalipa Julai.

Programu haina kosa. Seva ya pili imeachwa kwenye saa za UTC, yaani majira ya kimataifa, zilizo nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu, maana aliyeiandaa hakugusa mstari huo mmoja wa mipangilio.

Mipangilio ni mambo yote ambayo programu huyategemea lakini hayamo ndani yake: anwani ya hifadhidata, majira ya saa, ukubwa wa kumbukumbu, nani anaruhusiwa kuingia. Kwa miaka mingi mafundi waliibadilisha kwa mkono. Unaingia kwenye seva, unahariri faili, unatoka. Fundi huyo akipata kazi Nakuru, wenzake waliobaki Kisumu hawana pa kusoma alichofanya wala sababu yake. Seva zilizoanza sawa huachana kidogo kidogo, bila mtu kuona.

Ndiyo maana timu nyingi sasa huandika mipangilio kwenye faili za maandishi na kuzitunza ndani ya Git, programu inayohifadhi historia ya mabadiliko ya faili, pamoja na msimbo wa programu. Kila badiliko lina jina la aliyelileta, tarehe na sababu, na mwenzake hulisoma kabla halijafika kwenye seva. Mark Burgess alianza kazi ya namna hii mwaka 1993 huko Oslo, alipotunga CFEngine, zana inayosoma faili kama hizo na kuipanga seva kulingana nazo. Zana nyingine zilifuata: Puppet 2005, Ansible 2012.

Uzuri wa zana hizi ni kwamba unaeleza hali unayoitaka: seva hii ifuate saa za Nairobi. Zana inalinganisha na hali iliyopo, kisha inarekebisha tofauti tu. Ukiiendesha mara kumi, matokeo ni yale yale. Hati ya kawaida ya amri, iliyoandikwa bila uangalifu, ingeongeza mstari ule ule mara kumi.

Gharama ya kuachana kwa seva ilionekana wazi tarehe 1 Agosti 2012. Kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa, Knight Capital, ilikuwa imeweka msimbo mpya kwenye seva zake 8, lakini fundi akairuka moja. Hakuna mtu wa pili aliyekagua, wala utaratibu ulioandikwa wa kumtaka akague. Soko lilipofunguliwa, alama iliyokusudiwa kuwasha msimbo mpya iliamsha, kwenye seva ile moja, msimbo wa kale uliotumia alama ile ile, uliokuwa umeachwa tangu 2003 bila kufutwa. Maagizo ya hisa yakamiminika. Katika kuhangaika, wahandisi waliuondoa msimbo mpya kwenye seva 7 zilizokuwa salama, nazo zikaanza kufanya kosa lile lile. Katika dakika 45 hivi hasara ilizidi dola milioni 440.

Kuandika mipangilio hakuzuii kosa. Mstari mbaya sasa unafika kwenye seva zote kwa dakika moja, kwa hiyo jaribu kwenye seva moja kwanza. Nenosiri nalo lisiwekwe kabisa ndani ya Git: hata ukilifuta leo, historia bado inalo. Likiingia kwa bahati mbaya, libadilishe mara moja.

Timu ndogo ya Kisumu haihitaji kuhamisha kila kitu kwa siku moja. Ianze na seva ya majaribio: iifute yote, kisha iijenge upya kwa faili zilizomo ndani ya Git pekee. Kila kitakachokosekana hapo kilikuwa kichwani mwa mtu, na ndicho cha kuandika kwanza.