Terminali nyepesi kwenye Linux: kwa nini bado nafungua xterm

Mtu akiniuliza terminali (programu ya dirisha la kuandikia amri) ipi ni nyepesi, humuuliza kwanza ana kompyuta gani na hufungua madirisha mangapi kwa wakati mmoja. Kazi yangu ni kusimamia seva, kwa hiyo dirisha hili jeusi ndiyo ofisi yangu. Nimeona watu wakisifia programu kwa sababu ya namba moja tu waliyoiona mahali, wakati uzito wa terminali una sura zaidi ya moja. Kuna kumbukumbu inayoliwa, kuna muda kati ya kubonyeza kitufe na herufi kuonekana, na kuna kasi ya kumwaga maandishi mengi kwa mpigo. Programu inaweza kushinda kwa kimoja na kuchechemea kwenye kingine.

Chukua terminali iitwayo Alacritty. Ni kazi nzuri, imeandikwa kwa lugha ya programu ya Rust, na herufi zake huchorwa na kadi ya michoro. Ukimwaga logi (rekodi za matukio ya mfumo) ndefu inakimbia. Lakini laptopu nyingi za mtumba tunazonunua zina kadi za Intel za zamani, na pale OpenGL (njia ya programu kuchora kwa kadi) inayotakiwa isipopatikana kwenye kadi, Mesa, maktaba ya michoro ya Linux, huitwisha prosesa mzigo wote kupitia llvmpipe, sehemu yake inayochora bila kadi. Hapo wepesi umeisha. Kabla ya kuamua, sakinisha kifurushi cha mesa-utils kisha andika:

glxinfo | grep renderer

Ukiona neno llvmpipe kwenye jibu, terminali za aina hiyo si zako.

Kuhusu kumbukumbu, usidanganywe na safu ya RSS (kumbukumbu iliyoshikwa na programu) kwenye ps au top, amri za kuorodhesha programu zinazoendelea. Safu hiyo huhesabu pia maktaba ambazo programu nyingine zinazitumia pamoja na yako, kwa hiyo jumla huvimba. Mimi hutumia smem, zana ya kupima kumbukumbu, na kuangalia PSS, ambayo hugawa gharama ya maktaba hizo kwa wote wanaozitumia. Ukipima hivyo utagundua jambo: terminali ya GNOME, inayotukanwa sana kwa unene, huendesha madirisha yake yote ndani ya mchakato mmoja. Dirisha la kwanza ni ghali, yanayofuata ni nafuu. urxvt, terminali nyingine, ina mtindo huohuo ukiwasha urxvtd na kufungua madirisha kwa urxvtc. Hasara yake ni dhahiri: mchakato huo ukifa, madirisha yote yanakwenda nao. Kwa kuwa huwa nina kazi za saa nyingi zinazoendelea, napendelea kila dirisha lijitegemee.

Ndiyo maana kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye Linux, bado nafungua xterm. Ilianza kuandikwa mwaka 1984, miaka saba kabla ya Linux yenyewe, na tangu 1996 inatunzwa na Thomas Dickey, ambaye bado anatoa matoleo mapya. Inaiga terminali za zamani (skrini na kibodi halisi) za kampuni ya kompyuta ya DEC kwa uaminifu mkubwa, na katika kujibu kitufe ni miongoni mwa zilizo haraka zaidi. Wanaoikimbia huikimbia kwa sababu ya sura yake ya mwanzo: herufi ndogo kama sisimizi, mandhari nyeupe, na kunakili kusikoeleweka. Yote hayo hurekebishwa kwenye faili ~/.Xresources:

! maelezo huanza kwa alama ya mshangao
XTerm*faceName: DejaVu Sans Mono
XTerm*faceSize: 11
XTerm*background: #1c1c1c
XTerm*foreground: #d0d0d0
XTerm*saveLines: 5000
XTerm*termName: xterm-256color
XTerm*metaSendsEscape: true
XTerm*VT100.translations: #override \n\
  Ctrl Shift <Key>C: copy-selection(CLIPBOARD) \n\
  Ctrl Shift <Key>V: insert-selection(CLIPBOARD)

Kisha endesha xrdb -merge ~/.Xresources na ufungue dirisha jipya. Yaliyokwisha kufunguliwa hayabadiliki. Chunga nafasi tupu mwishoni mwa mstari, kwa sababu huhesabiwa kuwa sehemu ya thamani, na utabaki unashangaa kwa nini mpangilio ulio sahihi haufanyi kazi.

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa. X11 ina hifadhi mbili za kunakili. Ukichagua maandishi kwa kipanya, xterm huyaweka kwenye PRIMARY, ambayo hubandikwa kwa kitufe cha kati cha kipanya. Kivinjari chako, ukibonyeza Ctrl+V, husoma CLIPBOARD. Ndipo watu husema xterm haijui kunakili, kumbe inaweka kwenye chumba kingine. Wapo wanaotumia mpangilio wa selectToClipboard, unaopeleka unachochagua moja kwa moja CLIPBOARD, badala ya hayo; mimi siipendi, kwa kuwa kila ukigusa neno kwa kipanya unafuta ulichokuwa umekinakili.

Vichupo (tabs) xterm haina. Tumia tmux, programu inayogawa dirisha moja la terminali kuwa kadhaa, ambayo kwa kazi za seva utaihitaji tu. Emoji za rangi pia si fani yake, na sijawahi kuona logi iliyozihitaji. Kuhusu st, terminali ya kundi la watengenezaji la suckless, ambayo mipangilio yake huandikwa kwenye config.h na kukompailiwa (kugeuzwa kuwa programu) upya, nasema tu kwamba ni nzuri kwa anayefurahia kukompaili.

Kama uko kwenye Wayland, mrithi wa X11, mambo yanabadilika. Hakikisha kwa echo $XDG_SESSION_TYPE. xterm itafanya kazi kupitia XWayland, daraja la programu za X11, ila hapo mimi huchagua terminali ya foot. Haitegemei kadi ya michoro, huchora upya sehemu zilizobadilika tu, na faili yake ya ~/.config/foot/foot.ini inasomeka kirahisi:

font=DejaVu Sans Mono:size=11

[scrollback]
lines=5000

Usumbufu wake hutokea ukiingia kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta ya mbali) kwenye seva ya zamani. foot hujitambulisha kwa jina lake, seva hailijui, na htop, programu ya kuangalia mzigo wa kompyuta, inagoma kwa ujumbe «Error opening terminal: foot.» Wengi hukimbilia kuweka TERM=xterm-256color, yaani kujitambulisha kama xterm. Inasaidia kwa dharura, lakini seva inaambiwa uwezo usio sawasawa na wa terminali uliyo nayo. Ni bora kuipelekea maelezo yenyewe ya uwezo wa foot, mara moja kwa kila seva:

infocmp -x foot | ssh seva tic -x -

Huhitaji kuwa root (msimamizi mkuu). Maelezo yanakaa ndani ya ~/.terminfo ya akaunti yako. Amri hiyohiyo inafaa kwa Alacritty, ukibadilisha jina tu.