Rutuba ya bahari imelala gizani

Kwa sisi wa Goma bahari ni jambo la kusoma vitabuni, kwa hiyo makosa juu yake hupita bila mtu kuuliza. Linalorudiwa kuliko yote ni kwamba virutubisho vimeenea baharini sawasawa kama chumvi. Chumvi kweli haipishani sana: takriban gramu 35 katika kila kilo ya maji. Naitrati na fosfati, yaani virutubisho vyenyewe vya nitrojeni na fosforasi, haziko hivyo hata kidogo. Juu, penye jua, mara nyingi zimekaribia kwisha. Kwenye kina cha mita 1,000 zimejaa.

Sababu ni kwamba planktoni ya kijani, viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, haiishi bila mwanga. Inakaa tabaka la juu na kunyonya kwa wastani atomu 16 za nitrojeni kwa kila 1 ya fosforasi. Ikifa au ikiliwa, mabaki yanazama, bakteria wanayaozesha, na virutubisho vinarudi majini huko huko gizani, ambako hakuna mmea wa kuvitumia. Maji ya vilindi nayo yanasafiri. Yanayozama Atlantiki ya kaskazini na kandokando ya Antaktika hufika Pasifiki ya kaskazini baada ya karne nyingi, yakipokea mabaki njia nzima. Ndiyo maana fosfati ya vilindi vya huko ni karibu maradufu ya ile ya Atlantiki ya kaskazini.

Wengine huamini maji ya buluu angavu ndiyo yenye samaki. Buluu hiyo ni dalili ya njaa. Samaki wamejaa pwani za Peru na Namibia, ambako upepo unasukuma maji ya juu kwenda mbali, na ya chini, baridi na yenye rutuba, yanapanda. Tena naitrati peke yake haitoshi: bahari inayozunguka Antaktika inayo tele, lakini planktoni ya huko inakosa chuma.

Ziwa letu Kivu lina kina cha mita 485, na hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Husemwa kwamba ni maskini wa rutuba kwa sababu ya gesi iliyoyeyuka katika maji yake ya chini. Rutuba ipo, nyingi mno, ila iko chini. Chemchemi za sakafuni huongeza chumvi na gesi ya kaboni, maji ya chini yanakuwa mazito, hayapandi. Kati ya Juni na Septemba upepo wa kiangazi huchanganya ziwa hadi mita 60 hivi, planktoni inastawi, na sambaza, samaki wetu wadogo, wanapata chakula.

Basi kwa nini tusiyapandishe yale ya chini ili samaki waongezeke? Kwa sababu hayana oksijeni kabisa na yamebeba salfidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kwa samaki. Rutuba yake ikimwagwa juu kwa wingi ingezidisha mwani. Kwa hiyo mtambo wa umeme wa KivuWatt upande wa Rwanda, ukishatoa metani, gesi inayowaka, unayarudisha maji yale kwenye kina. Kila mradi wa gesi upande wetu uulizwe swali hilo kwanza: maji yatarudishwa mita ngapi?