Je, wajua kwa nini nyumba za sadaka za vijiji vya Uingereza zimedumu karibu miaka 600?

Ewelme ni kijiji kidogo katika kaunti ya Oxfordshire. Ukitoka kanisani kwa mlango wa magharibi, ngazi zinakuteremsha hadi kwenye vijumba vya matofali vilivyozunguka ua wa mraba: hiyo ndiyo nyumba ya sadaka, makao ya hisani ya wazee maskini. Kibali cha kifalme cha kuvianzisha kilitolewa mwaka 1437, ili wanaume maskini 13 wapate makao na posho. Wazee wangali wanaishi humo. Na Ewelme haiko peke yake: Uingereza ina zaidi ya mifuko 1,500 ya hisani inayoendesha nyumba za namna hii, na wakazi wake wote wanazidi 30,000. Zimewezaje kudumu hivyo?

Kwanza liondoke kosa moja linaloharibu mazungumzo yote kuhusu nyumba hizi. Watu wengi wakisikia "nyumba ya maskini ya Uingereza" hufikiria zile nyumba za kazi za karne ya 19: uji mwepesi, sare, mume na mke kutenganishwa mlangoni. Hizo zilikuwa kitu kingine kabisa. Nyumba ya kazi iliendeshwa kwa kodi iliyotozwa wenye mali wa parokia, na sheria ya mwaka 1834 iliifanya kuwa ya kutisha makusudi, ili asiingie ila aliyekosa pa kushika. Ya Southwell, Nottinghamshire, iliyojengwa mwaka 1824, bado imesimama na ramani yake inasema yote. Ni jengo la kupokea watu 158, wanaume upande wao, wanawake upande wao, watoto kwao, na nyua zimekatwa kwa kuta ndefu ili hata kuonana iwe shida. Wenye nguvu walifanyishwa kazi kama kuponda mawe na kuchambua kamba kuukuu za meli.

Nyumba ya sadaka ilijengwa kwa nia iliyo kinyume na hiyo. Mwanzilishi alikuwa mtu binafsi: askofu, kabaila, mfanyabiashara au mjane tajiri. Alitaka sifa duniani na, kabla ya mageuzi ya dini ya karne ya 16, alitaka aombewe baada ya kufa. Jengo lililomwombea halikupaswa kumwaibisha. Ndiyo maana nembo ya ukoo wake huchongwa juu ya lango, na ndiyo maana mawe ni ya ubora uleule wa nyumba za matajiri. Idadi ya 13 nayo ina maana yake, kwani ni Yesu na mitume wake 12.

Wala si kila maskini aliyepata nafasi. Masharti ya kawaida yalikuwa uzee, sifa njema na kuwa mwenyeji wa parokia, na mara nyingi waliotumikia ukoo wa mwanzilishi walitangulizwa. Aliyeingia alifungwa na kanuni: sala kila siku, kutolala nje bila ruhusa, kujiepusha na ulevi, na mara nyingi kuvaa vazi maalumu. Huko Castle Rising, Norfolk, nyumba ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1614 na Henry Howard, kabaila wa Northampton, imedumisha majoho mekundu na kofia nyeusi zenye ncha.

Majengo yenyewe yanaonyesha jinsi heshima ya mkazi ilivyobadilika. Ya zamani zaidi yalikuwa ukumbi mmoja mkubwa, vitanda vimepangwa kando ya kuta na kanisa dogo limewekwa upande wa mashariki, ili hata asiyeweza kuinuka aione altare. Mfano ulio wazi zaidi uko mjini, si kijijini: St Mary's, Chichester, ukumbi wa mwishoni mwa karne ya 13. Katika karne ya 17 ndani ya ukumbi huohuo vilijengwa vyumba vya mtu mmoja mmoja, kila kimoja na meko yake, na dohani za matofali zikapasua paa la kale. Ewelme ilikuwa imeshafika huko tangu mwanzo: kila mzee na mlango wake, chumba cha chini chenye meko, chumba cha kulala juu, na baraza yenye paa iliyozunguka ua wote. Kuanzia hapo dohani ndizo zinazotambulisha nyumba za sadaka ukiziona kwa mbali. Huko Chipping Campden, Sir Baptist Hicks alijenga mwaka 1612 safu ya nyumba za wanaume sita na wanawake sita, kwa mawe ya chokaa ya rangi ya asali ya eneo lile. Inasemekana ramani yake ilifuata herufi I kwa heshima ya Mfalme James, ambaye jina lake kwa Kilatini huanza na herufi hiyo.

Lakini kuta nzuri hazijilishi. Siri ya kudumu iko kwenye mali ya wakfu, na hasa kwenye aina ya mali iliyowekwa. Tuseme babu amewaachia wajukuu shamba la minazi, na jirani yake amewaandikia wa kwake shilingi 100 kila mwezi milele. Mwaka wa kwanza wajukuu wa jirani wanaweza hata kuwa na nafuu zaidi. Baada ya miaka 50 nazi zinauzwa kwa bei ya siku hiyo, lakini shilingi 100 ni zilezile, na hazinunui kitu. Nyumba nyingi za sadaka ziliachiwa fedha za kiwango maalumu kwa mwaka, na mfumuko wa bei ukazila kimyakimya hadi mapaa yakaanza kuvuja. Waanzilishi wa Ewelme, William de la Pole na mkewe Alice Chaucer, waliweka ardhi: mashamba makubwa ya Marsh Gibbon, Conock na Ramridge. Kodi ya ardhi hupanda pamoja na bei.

Ardhi nayo ina hatari zake. Msimamizi angeweza kukodisha shamba kwa kodi ndogo ya mwaka, kisha akapokea kitita mkononi kila mkataba unapofanywa upya. Kodi iliingia mfuko wa wazee, kitita kikaingia wake. Katika nyumba ya St Cross, kando ya Winchester, Francis North aliwekwa kuwa msimamizi mwaka 1808 na askofu aliyekuwa baba yake mzazi, akanufaika namna hiyo kwa miongo kadhaa, hadi mahakama ilipoamua dhidi yake mwaka 1853. Mwaka huohuo ndipo ilipoundwa tume ya serikali ya kusimamia mali za hisani.

Leo kinachowaumiza kichwa wadhamini, yaani wanaosimamia wakfu, ni unyevu. Kuta za kale zilijengwa kwa chokaa, ambayo hupitisha mvuke. Fundi akiziba nyufa kwa saruji, maji hunaswa ndani, na jiwe au tofali huanza kumomonyoka. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua vizuri hasara hiyo. Ngazi ni za mwinuko mkali kwa magoti ya miaka 80, na chumba kimoja hakitoshi kuweka bafu na jiko. Dawa ya kawaida ni kuunganisha vijumba viwili kuwa kimoja, kwa kibali cha idara za majengo ya kihistoria, na gharama yake ni kwamba wazee wanaopokelewa hupungua.

Kisheria mkazi si mpangaji. Hulipa mchango wa matunzo kila wiki badala ya kodi ya nyumba, na huishi pale kwa ruhusa ya wadhamini kama mnufaika wa wakfu. Akikiuka masharti makubwa ruhusa hiyo inaweza kuondolewa, na hawezi kumrithisha mtu nafasi yake.