Siku ya Kupendezesha Chuo, na Jumatatu Yake

Jumamosi moja ya Septemba, saa nne asubuhi, nilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la mihadhara na karatasi yangu ya ukaguzi mkononi. Nikasikia sauti ya mwanamke kutoka chooni: "Tokeni! Tokeni wote! Ndoo iacheni hapo hapo!" Vijana sita wakatoka mbio, fulana zao mpya za Siku ya Kupendezesha Mazingira hazijapata hata doa, wanakohoa na machozi yanawatoka. Nyuma yao akaja mama mmoja kajibana khanga puani. Akafungua madirisha yote ya korido, kisha akasimama mlangoni mikono kiunoni ili asiingie mtu.

Walikuwa wamemwaga dawa ya choo, ile ya asidi inayoondoa kutu. Walipoona haijang'arisha vya kutosha, wakaongeza Jik juu yake. Asidi ikikutana na Jik hutoa gesi ya klorini, na chumba kidogo chenye dirisha moja hakihitaji gesi nyingi kumlaza mtu hospitali. Mama yule hajasoma kemia. Aliinusa akiwa kwenye ngazi. "Hizi mbili hazilali kitanda kimoja, bwana afya," aliniambia baadaye, kama mtu anayeeleza habari za majirani waliogombana.

Mimi ni afisa afya ya mazingira, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukagua usafi wa majengo yenye watu wengi: shule, masoko, vyuo. Chuo ninachokisimulia kipo Dar es Salaam, na jina lake halina haja kutajwa. Mama huyo ni mhudumu wa usafi wa jengo lile; wote wanamwita Bi Mkubwa, nami nitamwita hivyo hivyo. Siku ile alikuwa mmoja wa watakaopewa cheti cha shukrani mchana. Kwanza ilibidi awaokoe waliokuja kumsaidia.

Siku za usafi wa pamoja si ngeni kwetu. Wapo wenye msaragambo wao, kazi ya pamoja ya kijiji, tangu enzi za mababu. Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa nchi nzima tukashika mafagio badala ya kuangalia gwaride, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa ya usafi, kama Umuganda wa wenzetu wa Rwanda. Sina ugomvi na siku hizo. Ugomvi wangu ni na Jumatatu inayofuata, kwa sababu mimi huwa ninakuwepo.

Ngoja nieleze jinsi kitu kinavyotakata, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani, Herbert Sinner, aliugawa usafi wote katika vitu vinne: dawa, nguvu ya kusugua, joto la maji na muda. Akavichora kama duara moja lililokatwa vipande vinne. Duara halipungui. Ukipunguza kipande kimoja, kingine lazima kiongezeke, la sivyo uchafu unabaki. Mashine ya kufulia ina maji ya moto na saa nzima ya kuzunguka, ndiyo maana inahitaji sabuni kidogo.

Sasa mlete Sinner kwenye choo cha ghorofa ya tatu. Maji ya moto hakuna. Dawa imezimuliwa mpaka imebaki rangi, kwa kuwa kidumu cha lita 5 kimepangiwa kumaliza mwezi. Muda nao ni mfupi: kipindi cha kwanza kinaanza saa moja asubuhi, na vyoo viwe tayari kabla ya hapo. Katika duara lile kimebaki kipande kimoja tu, nacho ni mkono wa Bi Mkubwa. Nikiona tundu la choo linang'aa katika jengo lisilo na dawa ya maana, ninachokiona ni bega la mtu.

Halafu kuna maji yenyewe. Jengo lile lilikuwa na bomba moja linalotoka kwa uhakika, chini kabisa, karibu na ngazi. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Ghorofa ya tatu ina matundu sita, kila tundu ndoo moja, na korido mbili za kupiga deki. Hesabu mwenyewe kilo zinazopanda ngazi kabla jua halijachomoza, kisha uniambie kama cheti kilichowekwa kwenye fremu kinalingana nazo.

Kwenye Jik nako kuna somo dogo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alijue, si wa chuoni tu. Klorini ikikutana na uchafu huishiwa nguvu kwa uchafu huo kabla haijagusa vijidudu. Ndiyo maana unaosha kwanza kwa sabuni, unasuuza, ndipo unaweka klorini, unaiacha dakika 10, ndipo unamwaga maji. Jik yenye klorini asilimia 3.5 ukiipima kopo moja kwa makopo sita ya maji, unapata asilimia 0.5, nguvu inayotosha kwa choo. Ukiimwaga kavu kavu juu ya mkojo usiosafishwa, unapata ile harufu inayowasha macho, ambayo watu huiita harufu ya usafi. Si ya usafi. Ni gesi nyingine inayotokana na klorini kukutana na amonia ya mkojo, nayo inaingia mapafuni mwa anayesugua kila siku ya Mungu. Na asidi isiguse sakafu za tarazo: tarazo ni saruji na vipande vya marumaru, vyote viwili huliwa na asidi. Yale mabaka meupe yaliyofifia mbele ya vyoo vya majengo ya zamani si uchafu, ni majeraha, na dekio haliyatoi.

Glavu je? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumlipisha mfanyakazi. Siku ile fulana zilikuwepo za kutosha mpaka nyingine zikarudi na boksi. Glavu za Bi Mkubwa zilikuwa zimetoboka vidole viwili, naye akazifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Turudi nje, ambako siku za kupendezesha hupenda kupiga picha. Kwanza chokaa. Sijui nani alitufundisha kwamba jiwe likipakwa chokaa chuo kimeendelea, lakini tumelishika somo hilo barabara: mawe ya kando ya njia, vishina vya miti, hata kingo za mtaro. Vijana hupaka kwa furaha, chokaa inadondokea kwenye vitofali vya njia, picha zinapigwa, watu wanaondoka. Jumatatu wahudumu wawili wamechuchumaa na vipande vya bati wanakwangua matone, tofali kwa tofali. Niliwakuta bado wanakwangua Alhamisi.

Pili, kufagia. Chini ya mkungu majani hayaishi. Mti huu hugeuza majani yake makubwa kuwa mekundu na kuyadondosha yote, mara mbili kwa mwaka kwa kawaida, na siku za katikati hudondosha kwa kujifurahisha. Siku ya usafi kila mtu anataka ardhi iwe nyeupe, ionyeshe mistari ya chelewa. Inapendeza, nakubali, nami nimekulia uwanja wa namna hiyo. Lakini majani yale ndiyo blanketi la udongo. Ukiyaondoa yote mwaka hadi mwaka, matone ya masika yanapiga udongo mtupu, mchanga unakimbilia mtaroni, mizizi inabaki juu kama mishipa ya mkono wa mzee. Mtaro ukijaa mchanga, maji yanaingia darasani, na anayeitwa na koleo ni yule yule aliyeambiwa afagie mpaka paonekane peupe. Mimi husema: fagia njia na mita moja kando yake, chini ya miti acha. Nimelisema hili katika vikao vinne. Katika vyote kuna mtu alijibu kwamba mgeni rasmi ataona uchafu.

Mgeni rasmi ndiye chanzo cha mengi. APPA, jumuiya ya Marekani ya wasimamizi wa majengo ya vyuo, imepanga usafi katika ngazi tano, kuanzia mng'aro usio na doa mpaka hali ya kutelekezwa, na kinachoamua ngazi ni eneo analopewa mtu mmoja kusafisha. Mwongezee eneo, ngazi inashuka. Hakuna hotuba inayobadilisha hilo. Wenzetu hao wana hata siku ya kuwashukuru wahudumu wa usafi, Oktoba 2. Ila siku zetu za kupendezesha huwa zinakipandisha chuo ngazi ya kwanza kwa saa sita, upande unaoonekana kutoka kwenye gari, kisha watu wale wale, kwa eneo lile lile, wanatakiwa kukishikilia hapo. Picha ya Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, ile iliyotolewa miaka ya 2010, na naona tangu hapo kila chuo kinajisafisha kana kwamba kesho kinachorwa kwenye noti. Nyuma ya majengo, kwenye kizimba cha taka, hakuna noti.

Tatu, miti. Siku ile ilipandwa miche 40. Nilipita baada ya picha nikakuta mingi imeingizwa shimoni na kiriba chake, nailoni haijachanwa. Mzizi ndani ya kiriba huzunguka kama mbuzi kwenye kamba, hauendi popote. Tuliifukua mingine mimi na kijana mmoja wa kilimo, tukachana viriba kwa wembe. Vuli ilichelewa. Mpira wa maji haukufika. Wahudumu wakaambiwa wamwagilie "mkipata nafasi". Februari nilihesabu iliyo hai: 9.

Na sherehe yenyewe. Mchana ukumbini watu wa usafi waliitwa jukwaani, wakapigiwa makofi, na makofi yale yalikuwa ya kweli. Sitaki kuwa mchoyo hapo. Kuna binti wa mwaka wa pili alilia alipomkumbatia mhudumu wa bweni lake. Bi Mkubwa alicheza kidogo wakati wa kupokea cheti, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Ikaja pilau, soda na keki. Saa kumi na nusu ukumbi ukabaki mtupu, na sakafuni mifupa, sahani za karatasi, soda iliyomwagika na krimu ya keki iliyokanyagwa. Walioshukuriwa wakaweka vyeti vyao dirishani, wakajifunga khanga, wakaanza kudeki. Hakuna aliyewaamuru. Ni zamu yao tu. Niliokota sahani pamoja nao, na kwa kweli niliokota kwa aibu kuliko kwa wema.

Nilipoandika ripoti yangu nilipendekeza jambo moja tu: mwaka unaofuata, kazi za siku hiyo zipangwe na watu wa usafi wenyewe. Ilichukua barua tatu. Hatimaye siku kumi kabla ya tukio tukakaa chini ya mkungu, juu ya majani ambayo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeomba yasifagiliwe, wahudumu wote na viongozi wanne wa wanafunzi. Swali lilikuwa: kazi gani mikono yenu ya kila siku haifiki?

Kwanza kimya. Watu wakipewa maagizo miaka yote, swali la namna hiyo huwa kama mtego. Kisha mmoja akasema feni za kumbi za mihadhara, kwa kuwa ngazi ndefu hawapewi na vumbi likishuka wanaambiwa hawakupangusa meza. Mwingine akataja mtaro wa nyuma ya maabara, umejaa mchanga mpaka ukingoni, wanaume watano siku nzima. Bablishi chini ya viti. Vioo vya juu. Kizimba cha taka kisichopitika kwa toroli kwa sababu ya shimo moja linalojazika kwa zege la nusu saa.

Mwanafunzi mmoja akauliza kuhusu vyoo. "Vyoo tuachieni wenyewe," Bi Mkubwa akamkata, na wote wakacheka, mpaka waliokohoa mwaka jana. "Nyie tupandishieni bomba."

Bomba likapanda ghorofa ya tatu. Pesa yake ilitoka kwenye fulana: mwaka huo zilichapwa za viongozi wa vikundi peke yao, na manung'uniko yalikuwepo, tusidanganyane. Glavu nzito zikanunuliwa jozi mbili kwa kila mhudumu. Pilau ililiwa nje, na waliokula wakapewa mifuko ya taka kabla ya sahani.

Wakati tunafunga kikao kile, kiongozi mmoja wa wanafunzi aliniuliza mwaka huu tupande miche mingapi. Nikamwelekeza kwa Bi Mkubwa.

"Msipande," alisema. "Mwagilieni ile tisa."

Ukanunuliwa mpira wa maji wa mita 50. Ukivutwa kutoka bomba la chini unafika mche wa saba. Miwili ya mwisho bado ni ndoo.