Je, wajua kwa nini "jubilantly" ni furaha yenye kelele?

Kiingereza kina vielezi vingi vya furaha. Mtu akifurahi kimoyomoyo, happily linamtosha. Jubilantly ni la kiwango kingine: timu imefunga bao la ushindi dakika za majeruhi, uwanja mzima umesimama, watu wasiojuana wanakumbatiana. Hapo ndipo linapotumika, kwa maana ya kwa shangwe, kwa hoihoi, kwa vifijo na nderemo. Furaha ya kimyakimya, hata iwe kubwa namna gani, haistahili neno hili.

Kelele hiyo imo tangu kwenye mzizi. Warumi walikuwa na kitenzi jubilare, yaani kupaza sauti. Mwanazuoni wao Varro, aliyeishi karne ya 1 kabla ya Kristo, alieleza kwamba ukelele wa watu wa mjini ulikuwa na kitenzi chake, quiritare, na jubilare likawa la watu wa shamba.

Kanisa nalo likalichukua. Zaburi ya 100, ambayo kwa Kiswahili inaanza "Mfanyieni BWANA shangwe, dunia yote", kwa Kilatini huanza Jubilate Deo. Aliyelifafanua neno hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Augustino (354–430), askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Aliwatolea waumini mfano wa watu wanaoimba wakati wa mavuno au kwenye mizabibu: huanza na wimbo wenye maneno, kisha furaha ikiwazidi huyaacha maneno wakabaki na sauti tupu. Moyo umejaa jambo ambalo kinywa hakiwezi kulitamka. Anayejua vigelegele atamwelewa Augustino mara moja, maana kigelegele hakina hata neno moja ndani yake na ujumbe hufika.

Kutokana na jubilare likaja jubilant, ambalo mshairi John Milton alilitumia mwaka 1667 katika Paradise Lost. Kiambishi -ly ni cha Kiingereza chenyewe, nacho asili yake ni neno la kale lililomaanisha mwili au umbo.

Na jubilei je? Wengi huliona kuwa ni neno lilelile, kumbe chanzo chake ni Kiebrania: yobel, pembe ya kondoo dume. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaagiza baragumu ipigwe kila mwaka wa 50, watu watangaziwe uhuru na kila mmoja arudi kwenye ardhi ya ukoo wake. Neno hilo lilipitia Kigiriki, na lilipoingia kwenye Kilatini likakutana na jubilare. Yalikaribiana kwa sauti, yote mawili yana shangwe, yakavutana hadi likaandikwa jubilaeus. Kwa hiyo jubilei ya miaka 25 ya upadre inayoadhimishwa parokiani ina babu wawili, pembe ya Waebrania na ukelele wa mkulima wa Kirumi. Jubilantly lina huyo mkulima peke yake.